Kabla Ujaze Forensiki kwa KUCCPS, Sikia Hii Historia

Kila mwaka KUCCPS ikifungua mtandao wa kuchagua kozi, kuna kijana mahali ameamka akiwa ameamua: mimi nasoma forensiki. Ukimuuliza kwa nini, jibu ni TV. Kipindi cha CSI kilianza kuonyeshwa Marekani mwaka wa 2000, na tangu hapo kizazi kizima kimekua kikijua kwamba mwanasayansi huvaa koti jeupe, huokota unywele mmoja, hubonyeza kompyuta, na kabla ya matangazo ya biashara muuaji ashajulikana. Halafu ni yeye huyo huyo anaenda kumkamata, bastola mkononi.

Manze, hapana. Sisemi usisome. Nasema ujue unaingia wapi.

Wengine wataanza kwa kukupigia hesabu ya mshahara. Mimi nitakurudisha nyuma kwanza, kwa sababu hii kazi, hasa hapa kwetu, huwezi kuielewa kwa kuangalia mashine. Unaielewa ukiangalia kinachotokea siku ile mtaalamu anaandika kwa ripoti kitu ambacho mkubwa fulani hataki kukisoma.

Tuanze na kidole chako. Alama za vidole hazikuanzia kwa mauaji. Mwaka wa 1858, afisa mmoja Mwingereza huko India, William Herschel, alimfanya mwanakandarasi abandike alama ya mkono mzima kwenye mkataba ili asije akaukana baadaye. Miaka ikasonga, na mwaka wa 1897 mji wa Calcutta ukafungua ofisi ya alama za vidole. Kazi ngumu ya kuzipanga kwa hesabu, ili uweze kupata alama moja kati ya maelfu, ilifanywa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Lakini mfumo huo uliitwa jina la bosi wao, Edward Henry, na mwaka wa 1901 Henry akaupeleka London. (Ukifanya kazi kwa maabara, hiyo sehemu ya jina la bosi kuwa juu ya kazi yako utaizoea haraka.)

Sasa, mkoloni aliyetawala huku alikopa vitu vingi kutoka India, hata sheria ya ushahidi iliyotumika kortini Kenya hadi wakati wa uhuru ilikuwa ya India. Alama za vidole zikaja hivyo hivyo. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, na kufikia 1920 wanaume Waafrika walikuwa wanalazimika kutembea na kipande: karatasi yenye jina, mwajiri, mshahara na alama za vidole, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele ya mbuzi. Ukitoroka shamba la mzungu, kidole chako kinakusaliti. Harry Thuku alipokuwa anahutubia watu mwaka wa 1921 na 1922, kipande kilikuwa moja ya vitu vilivyowauma kabisa. Na hadi leo sisi wenyewe bado tunaita kitambulisho kipande, bila hata kufikiria jina limetoka wapi.

Kwa hivyo elewa hapo mwanzo. Sayansi hii ilipofika Kenya haikuja kumtafutia mwananchi haki. Ilikuja kumlinda mwajiri na serikali. Swali la kazi hii tangu siku hiyo limekuwa moja: inamfanyia nani kazi?

Nipite haraka Uingereza, kwa sababu ya DNA. Septemba 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua kwamba DNA inaweza kutofautisha mtu na mtu. Karibu na hapo kulikuwa na kesi ya wasichana wawili waliobakwa na kuuawa, mmoja 1983 na mwingine 1986. Polisi walikuwa na mshukiwa, kijana wa miaka 17, na alikuwa amekiri mauaji moja. Kesi imeisha, si ndio? Jeffreys akapima. Aliyefanya yote mawili alikuwa mtu mmoja, na hakuwa huyo kijana. Polisi wakachukua damu ya maelfu ya wanaume wa eneo hilo, na muuaji, Colin Pitchfork, akamtuma mwenzake wa kazini akapimwe kwa niaba yake. Alishikwa baada ya huyo mwenzake kulopoka akiwa baa. Alihukumiwa Januari 1988.

Watu husimulia hiyo story kuonyesha jinsi DNA inavyoshika wahalifu. Mimi huona kitu kingine. Kazi ya kwanza kabisa ambayo DNA ilifanya kwenye uchunguzi wa mauaji ilikuwa kumtoa mtu asiye na hatia mikononi mwa polisi, na kinywa chake mwenyewe kilikuwa kimeshakiri.

Mwaka huo huo wa 1988, sisi tulikuwa na yetu.

Julie Ward alikuwa Mwingereza wa miaka 28, mpenda wanyama, aliyekuja kupiga picha Maasai Mara. Alitoweka Septemba. Babake, John Ward, alisafiri hadi hapa, akakodisha ndege, na mabaki ya mwanawe yakapatikana karibu na majivu ya moto: sehemu ya mguu na taya. Wakubwa wakaanza kutoa maelezo. Ameliwa na simba. Labda amejiua. Kulikuwa hata na maneno ya radi.

Mabaki yalipoletwa Nairobi, daktari wa polisi, Adel Shaker, aliyachunguza akaandika alichokiona: mguu ulikuwa umekatwa kwa kitu chenye makali. Hakuna simba anayebeba panga. Halafu ripoti ikapita kwa mkubwa wake, mwanapatholojia mkuu wa serikali, Jason Kaviti, na ilipotoka ilikuwa imebadilishwa. Palipoandikwa kukatwa, sasa pakasomeka kwa njia ambayo mnyama angeweza kulaumiwa. Fikiria hapo kidogo. Hakuna mashine iliyoharibika. Hakuna sampuli iliyopotea. Mtu alichukua kalamu akabadilisha maneno, basi.

Baba mtu hakukubali. Alipeleka mabaki Uingereza, mtaalamu wa Cambridge, Austin Gresham, akayaangalia na kusema kile kile alichosema Shaker: makali. Mwaka wa 1989 hakimu wa Nairobi akatamka kwamba Julie aliuawa. Lakini muda ulikuwa umeenda, na ushahidi wa porini haungojei mtu. Askari wawili wa mbuga walishtakiwa, wakaachiliwa 1992. Msimamizi wa mbuga akashtakiwa, akaachiliwa 1999. Hakuna aliyewahi kufungwa, na mzee Ward aliendelea kutafuta jibu kwa zaidi ya miaka 30.

Hiyo ndiyo kesi ningependa isomwe na kila mwanafunzi wa forensiki Kenya, siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa hata darubini. Huyo Shaker alifanya kazi yake vizuri na bado haikutosha.

Haikupita hata miaka miwili. Februari 1990, waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, alitoweka usiku kutoka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulipatikana kwenye kilima cha Got Alila, umechomwa, kichwani alama ya risasi. Na upande wa serikali ukaanza kudokeza kwamba alijiua. Yaani mtu atembee hadi kilimani usiku, ajipige risasi, ajichome, kwa mpangilio gani? Nchi ikawaka, wanafunzi wakamwagika barabarani, na Rais Moi akaita Scotland Yard. Akaja John Troon na kikosi chake, na daktari kutoka London, Iain West, akaufanyia mwili uchunguzi. Walichosema kilikuwa wazi: aliuawa kwa risasi, kisha mwili ukachomwa.

Unaona kilichotokea? Mara mbili ndani ya miaka miwili, Mkenya alilazimika kungoja mzungu aje amwambie kitu ambacho daktari yeyote aliyehitimu hapa angeweza kuona kwa macho. Shida haikuwa elimu. Madaktari tulikuwa nao. Shida ilikuwa kwamba aliyewaajiri madaktari ndiye alikuwa na sababu ya kutaka jibu fulani. Tume ya Jaji Gicheru iliyokuwa inasikiliza ushahidi wa kifo cha Ouko ilivunjwa na Moi Novemba 1991 kabla haijamaliza. Mtu mmoja alishtakiwa, akaachiliwa huru. Hadi leo.

Sasa turudi kwako na hiyo fomu ya KUCCPS.

Jambo la kwanza ambalo watu hawaambiwi ni kwamba "mtu wa forensiki" si kazi moja. Anayepasua maiti ni daktari. Hiyo ni miaka 6 hivi ya udaktari, mwaka wa mafunzo hospitalini, kisha miaka mingine ya kubobea kwa patholojia. Na ule mwaka wa mafunzo ndio uliowafanya madaktari wagome kwa siku 56 mwaka wa 2024, serikali ikitaka kuwalipa wanagenzi shilingi 70,000 badala ya 206,000 zilizokubaliwa 2017. Kwa hivyo ukisikia Kenya haina wanapatholojia wa kutosha, usiulize vijana wako wapi. Angalia hiyo barabara wanayopitishwa.

Anayepima sumu, pombe, mihadarati na DNA kwa kesi nyingi yuko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na huyo kwa kawaida ni mtu wa kemia au biokemia. Anayelinganisha risasi na bunduki, alama za vidole, au sahihi ya kughushi kwenye cheti cha shamba, yuko DCI, na huko wengi waliingia kwanza kama polisi. Yaani kabla ya maabara, kuna Kiganjo na kukimbia asubuhi kwa baridi ya Nyeri. Kuna ya kidijitali pia, simu, kompyuta, pesa za M-Pesa zilizopotea, na nikikuambia ukweli hapo ndipo benki na kampuni binafsi huajiri.

Maoni yangu, na wenye hizo kozi wanisamehe: usikimbilie digrii kwa sababu ina neno forensiki kwa jina. Chukua kemia, biolojia au biokemia iliyoshiba, kisha ubobee. Maabara inataka mtu anayejua kwa nini mashine imetoa jibu hilo. Jina la kozi yako halitaulizwa na mtu siku wakili akikukaba.

Na atakukaba. Hii ni sehemu TV huficha kabisa. Kazi yako nyingi itakuwa kuandika. Bahasha imefika saa ngapi, imeletwa na nani, muhuri ulikuwa mzima ama umefunguka, umeipa namba gani, umeiweka friji gani, nani mwingine ana ufunguo. Ukiruka mkono mmoja tu kwenye hiyo safari, wakili wa mshtakiwa hatahangaika na sayansi yako. Atauliza hiyo bahasha ililala wapi Ijumaa hadi Jumatatu. Kesi nyingine itaitwa miaka mitatu baada ya wewe kupima, utasafiri hadi korti ya Garsen ama Kitale, ukae kwa benchi siku nzima, halafu iahirishwe. Sheria yetu ya ushahidi, kifungu cha 48, inakupa nafasi ambayo shahidi wa kawaida hana: unaruhusiwa kutoa maoni. Hiyo ni heshima kubwa. Ni hatari pia, kwa sababu mtu anaweza kufungwa maisha juu ya maoni yako.

Na usidhani Wamarekani hawakosei. Mwaka wa 2004, baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, FBI walisema alama ya kidole ilikuwa ya wakili mmoja wa Oregon, Brandon Mayfield. Wakamfungia. Alama ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Mwaka wa 2015, FBI hao hao wakakubali kwamba kwa zaidi ya asilimia 90 ya rekodi za kesi zilizokaguliwa, wataalamu wao walipotosha korti kuhusu kulinganisha nywele. Baadhi ya washtakiwa walikuwa wamehukumiwa kifo. Koti lilikuwa jeupe vile vile.

Halafu kuna upande wa moyo. Aprili 2023, msitu wa Shakahola, Kilifi. Mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, na kikosi chake walifukua na kupasua mwili baada ya mwili, na hesabu ikapita 400. Wengi walikuwa watoto. Njaa ilikuwa imewaua wengine, lakini baadhi walionyesha dalili za kunyongwa au kupigwa, na jambo hilo lilijulikana tu kwa sababu kuna mtu alisimama mochari ya Malindi siku baada ya siku akiangalia shingo za watoto. Kabla hujasema unataka hii kazi, jiulize kama unaweza kufanya hiyo, urudi nyumbani, ule, ulale, kesho urudi tena.

Na hapo Shakahola mashine zilikuwa muhimu kweli. Miili ilikuwa imeoza, sura hazitambuliki, DNA pekee ndiyo ingeunganisha mtoto na mamake. Familia zilitoa mate zikangoja. Tulikuwa tumeshafunguliwa maabara kubwa ya DCI mwaka wa 2022, riboni ikakatwa, picha zikapigwa. Lakini miili ya kwanza ilikabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, na wakati huo ni 34 tu iliyokuwa imetambuliwa. Jengo hukatiwa riboni mara moja. Kemikali za kupimia hununuliwa kila mwezi, na hakuna mwanasiasa anapiga picha na chupa ya kemikali.

Sasa linganisha na Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa miaka 31, alikamatwa Homa Bay Jumamosi, akaendeshwa usiku hadi Nairobi, na kabla ya mapambazuko akawa amefia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Taarifa ya polisi ikasema aligonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Mwenyewe.

Tarehe 10 Juni, kikosi cha wanapatholojia kikiongozwa na Dkt. Bernard Midia kiliufanyia mwili uchunguzi. Kisha Midia akatoka nje na kuongea mbele ya maiki. Majeraha ya kichwa, kubanwa kwa shingo, majeraha mengine mwilini. Akaeleza kwa lugha ambayo hata nyanya angeielewa: mtu akijigonga ukutani, damu huvilia mahali fulani pa kutabirika, mara nyingi kwa paji la uso. Huyu alikuwa nayo usoni, pande za kichwa na kisogoni. Kesho yake Inspekta Jenerali wa polisi alikuwa mbele ya Seneti akiomba radhi na kusema taarifa ya kwanza haikuwa sahihi.

Siku nne. Ouko alichukua miezi na ndege kutoka London.

Wengi tuliliona hilo kama ushindi wa barabara na mitandao, na ni kweli presha ilikuwepo. Lakini angalia pia chumba kile. Hakukuwa na mashine ya mabilioni. Kulikuwa na kisu, macho, na wataalamu kadhaa pamoja wakiangalia mwili mmoja, kwa hivyo hakuna mtu mmoja ofisini angeweza kuchukua kalamu usiku na kugeuza maneno. Na matokeo yalisemwa hadharani kabla karatasi haijaanza safari yake ya ofisi hadi ofisi. Ile nafasi iliyomezwa na ripoti ya Shaker mwaka wa 1988 haikuachwa wazi. Mashirika kama IMLU yamepigania hivyo tangu miaka ya 1990, kwamba familia iwe na daktari wake ndani ya chumba, wakati wengi wetu hatukuwa tumezaliwa.

Lakini hiyo ni desturi na ujasiri wa watu fulani, bado si mfumo. Mwaka wa 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Makorona. Ingeunda ofisi inayojitegemea ya kuchunguza vifo vya ghafla, vya kutatanisha, na vile vya watu walio mikononi mwa polisi, ili anayeshukiwa asiwe ndiye anayeleta mwili, anayeandika taarifa na anayebeba bahasha. Rais akaitia sahihi. Kisha miaka ikapita, mmoja baada ya mwingine, na ofisi yenyewe haikuundwa. Kijana aliyekuwa darasa la tano sheria hiyo ikipitishwa alishafanya KCSE na sasa ndiye anajaza hiyo fomu.

Kwa hivyo ukiingia, utaingia kwa nyumba ambayo bado inajengwa. Mwili utaletwa na Land Cruiser ya polisi. Fomu utakayojaza itakuwa ya polisi. Ukimaliza, kuna mtu atakaa karibu na meza yako akiuliza, kwa upole kabisa, kama una uhakika na hilo neno ulilotumia.